Kulungu Aliyemsubiri Delmar

Kwa miaka thelathini na moja, katika kila mazishi ya kanisa lao la Kilutheri, Delmar Haugstad alikula mkate mtupu. Kina mama wa kanisa walikuwa na chakula chao cha msiba kisichobadilika: mikate midogo iliyopakwa siagi, katikati kipande cha paja la nguruwe, pembeni viazi vya jibini, na kahawa nyepesi kwenye birika kubwa. Delmar aliufungua mkate wake, akakitoa kile kipande cha rangi ya waridi, akakiweka kwenye sahani ya mkewe, Ardis. Kisha akala mkate na siagi bila neno. Watu walikwisha kumzoea.

"Mpitishieni Delmar mkate wake wa mfungwa," walisema, naye akacheka pamoja nao.

Asili ya jambo lile walikuwa wanaijua. Katika ujana wake Delmar alifanya kazi kwenye mabanda ya nguruwe huko bondeni, mabanda marefu yasiyo na madirisha, ambamo nguruwe jike alikaa kwenye kizimba cha chuma asichoweza hata kugeuka ndani yake. Aliifanya kazi ile miaka kumi na mmoja, wala hakuwa akijiuliza maswali. Siku moja ya Julai alikwenda nyumbani kula chakula cha mchana. Umeme ukakatika, feni zikasimama, na jenereta ikagoma kuwaka. Aliporudi aliwasikia tangu barabarani. Mpaka walipofanikiwa kuifungua milango yote, nguruwe mia nne na kitu walikuwa wamekufa kwa joto. Siku mbili nzima aliwabeba kwa trekta kuwapeleka shimoni.

Jioni ya pili alikaa mezani, hakugusa kitu. "Ardis," alisema, "nyama ambayo sikuiona ikifa haitaingia tena humu ndani. Nimemwahidi Mungu."

"Na mimi nitakula nini?" Ardis akauliza.

"Nitakuwindia."

Akamwindia kweli. Kila Novemba, kwenye zile siku tisa za msimu wa bunduki, alivaa koti lake la rangi ya chungwa, akapanda kwenye mialoni ya mlima wa nyuma ya nyumba, akakaa na baridi yake. Hakufyatua risasi asiyokuwa na hakika nayo. Na nyama ilipofika mezani hakuomba kama watu wengine wanavyoomba. Ilikuwa lazima kwanza aseme mnyama yule alikufa wapi na alikufaje. "Huyu alikuwa dume wa miaka miwili. Alikufa kwenye mteremko wa juu ya kijito, saa mbili asubuhi. Alipiga hatua sita. Bwana, tunakushukuru kwa ajili yake. Amina."

Ardis aliiita taarifa ya habari. "Haya, tusomee taarifa ya habari," alikuwa akisema, "viazi vinapoa."

Mwaka wa mwisho Delmar alipata kulungu wanne. Watatu aliwapata kwa taabu, kama kawaida. Wa nne alikuwa jike, na alimpata asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani yenyewe, Alhamisi ya Novemba ambayo familia hukusanyika mezani. Delmar alikuwa ndiyo kwanza anapanda mlima, bunduki ingali begani, alipomwona amesimama njiani, hatua kumi tu mbele yake. Hakukimbia. Alimtazama Delmar, masikio yameinama kidogo, kama mtu aliyeitwa akaja. Delmar alishusha bunduki taratibu, akalenga, na jike yule bado amesimama vilevile.

"Alinisubiri," aliwaambia mezani siku ile. "Miaka yote hii sijawahi kuona kitu kama kile. Nadhani Mungu amemleta kwa ajili yako, Ardis."

Ardis alikuwa na saratani ya tumbo tangu kiangazi. Alikuwa amekonda mpaka pete inamdondoka.

Sasa, vilima vile vina ugonjwa wa kulungu. Unamkondesha mnyama polepole, ukamla ubongo, hadi akafa. Kwa hiyo mwindaji hukata kichwa, akakifunga namba, akakitia kwenye pipa la idara ya wanyamapori pale kituo cha mafuta, kisha akasubiri majibu wiki mbili. Wenye subira huweka nyama ya kila mnyama mbali na ya mwenzake mpaka majibu yatoke. Delmar alipeleka vichwa vyote vinne. Kusubiri ndiko hakukuweza. Jumamosi baada ya sikukuu ilikuwa siku ya soseji katika nyumba ile tangu enzi za baba yake. Watoto walikuwapo, mashine ilikuwa imeoshwa, na kwa miaka kumi na mitano majibu yote yalikuja safi. Tena Ardis alitaka kukaa kitini afunge nyuzi, na kila mtu pale alijua kwamba mwakani huenda asiwepo. Wakasaga wanne wote kwenye beseni moja.

Mkwewe Wendell, mume wa binti yake, ndiye aliyezungusha mpini wa mashine. Wendell alikuwa msimamizi wa mabanda ya nguruwe, yaleyale ya bondeni, ambayo sasa yalikuwa makubwa zaidi. Yeye na Delmar walipendana kwa kutaniana.

"Mkwe, hebu nikuulize," Wendell alisema. "Hili jike lako lilikuwa na mtoto?"

"Mmoja. Ameshakua."

"Basi wewe umemwua mama wa mtu. Nguruwe wangu hajui baridi, hajui njaa, hajui mtu wa kumvizia nyuma ya mti."

"Wala hajui jua."

"Jua haliliwi, mkwe."

"Ninyi wawili," Ardis akadakia, "soseji hazijijazi zenyewe."

Walicheka. Zilitoka kilo tisini. Delmar alizifunga kwenye karatasi nyeupe, Ardis akaandika tarehe kwa mwandiko wake wa kulala, na vifurushi vinane vikaenda kwa wajane wa kanisa kama kila mwaka. Kuanzia siku ile Ardis alikula kipande kimoja kila mchana. Hakuna chakula kingine kilichokuwa kinakaa tumboni mwake.

Simu ililia Jumatano ya wiki ya pili ya Desemba. Alikuwa binti mmoja wa idara, mwenye sauti ya upole.

"Mzee Haugstad, watatu ni wazima. Wa nne, yule jike, amekutwa na ugonjwa. Tunashauri asiliwe."

"Nimemchanganya na wenzake."

"Basi ni wote, mzee."

"Nikizipika sana?"

"Moto hauumalizi. Hajapatikana mtu aliyeambukizwa kwa kula, hilo nakuambia kwa uwazi. Lakini siwezi kukuhakikishia."

Delmar alirudisha simu mahali pake, akaenda gereji, akafungua friza na kutazama vile vifurushi vyenye mwandiko wa mkewe. Alisimama pale mpaka friza ikaanza kunguruma. Aliporudi ndani Ardis alikuwa kitini, blanketi magotini.

"Ni yupi?" akauliza. Alikwisha kuisoma sura yake.

"Wa nne."

"Yule aliyekusubiri."

"Hakuwa ananisubiri, Ardis. Alikuwa mgonjwa. Ubongo wake ulikuwa umekwisha, hakujua hata kukimbia." Akakaa. "Nami nikamshukuru Mungu mbele yenu wote."

"Mimi ninakufa tayari, Delmar. Acha uso huo."

"Nimekulisha siku kumi na moja."

"Na zilikuwa tamu," Ardis akasema.

Mchana ule alizunguka kwa wajane na sanduku tupu garini. Saba walimrudishia vifurushi vyao wakimwonea huruma. Wa nane, Verna Lokken, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa amekwisha kula nusu.

"Ugonjwa huo unachukua muda gani kumpata mtu?" Verna aliuliza.

"Hawajui. Kama upo, labda miaka."

"Basi utanikuta kaburini, ubishe hodi. Ingia unywe kahawa."

"Nisamehe, Verna."

"Nimekusamehe. Ila nitakuambia kitu, kwa kuwa hakuna mwingine atakayekuambia. Kila msiba umekaa pale na mkate wako mtupu, nasi tunakula nguruwe wetu wa dukani, na hakuna mmoja wetu ambaye hakujiona mchafu kidogo mbele yako. Karibu kwetu, Delmar."

Hakusema kwa ubaya. Delmar alishukuru kwa kahawa, akaondoka.

Nyama ile hairuhusiwi kuzikwa shambani wala kupewa mbwa. Inapelekwa jalalani, ikiwa imefungwa kwenye mifuko miwili miwili. Aliipeleka mwenyewe. Alipokuwa akirusha mifuko mikono yake ilikumbuka kazi ile: kunyanyua, kuzungusha, kuachia. Alikuwa ameifanya siku mbili nzima mwezi wa Julai, akaapa hataifanya tena. Kulungu wanne walikufa vizuri kadiri yeye alivyoweza kuwaua vizuri, na walikwenda palepale walikokwenda nguruwe mia nne.

Wiki ile Ardis alikataa mayai. Akakataa maharage na samaki. Daktari alisema apewe chochote anachokitaka. Siku ya tatu alimwita Delmar karibu.

"Ninunulie nyama."

"Nyama gani?"

"Yoyote. Nina njaa, mume wangu."

Alikwenda supamaketi, akasimama mbele ya majokofu, yeye aliyekuwa hajasimama pale kwa miaka thelathini na moja. Vipande vyote vililingana, vimelala kwenye visahani vyeupe chini ya plastiki, wala huwezi kujua kipi ni mguu na kipi ni mgongo. Alichukua kimoja cha nguruwe, akakikaanga kwa siagi, akakata vipande vidogo kama vya mtoto.

Ardis alishika uma, kisha akangoja. "Taarifa ya habari," alisema.

"Huyu sikumwona."

"Sema unachojua."

Delmar aliinamisha kichwa. "Huyu alizaliwa chini ya taa," alisema. "Mama yake alikuwa kwenye kizimba, hakuweza kugeuka amtazame. Walimkata mkia siku ya kwanza. Alitoka nje mara moja, kwenda kwenye lori. Alikufa siku ya kazi, na aliyemwua hakumkumbuka jioni. Bwana—"

Hakuendelea. Alijaribu tena. "Bwana," akasema, na neno la pili halikuja.

"Inatosha," Ardis akasema. "Mimi nitamalizia. Amina."

Alikula vipande vitatu. Cha tatu alikitafuna polepole, amefumba macho, kisha akamtazama mumewe kwa aibu. "Ni laini," alisema.

Hakuongezeka uzito. Alikufa wiki ya pili ya Februari. Daktari alimwambia Delmar mara mbili, bila kuulizwa, kwamba ilikuwa saratani tu. Delmar aliitikia kwa kichwa. Alijua hivyo. Alijua pia kwamba mpaka siku yake mwenyewe ya kufa hatakuwa na mtu wa kumhakikishia chochote.

Ukumbi wa chini wa kanisa ulijaa. Kina mama walileta mikate, viazi, kahawa. Mmoja wao alimwekea Delmar mkate wake mbele, na kwa heshima ya msiba hakuna aliyetania. Delmar akaufungua kama alivyozoea, akakitoa kile kipande kwa vidole viwili, akanyoosha mkono kushoto. Hapakuwa na sahani. Mkono ukabaki hewani na kipande kikining'inia.

Wendell, aliyekuwa mbele yake, akasukuma sahani yake. "Weka hapa, mkwe."

Delmar aliitazama sahani ile, kisha kipande. "Ametoka kwenu?"

"Sijui, mkwe. Wakishaondoka hatujui tena."

Delmar alikirudisha kile kipande ndani ya mkate, akaufunika, akaula. Aliula wote, mpaka na makombo ya kwenye karatasi. Verna Lokken alimwona, akageuza uso pembeni.

Mwishoni, mchungaji aliposimama kushukuru kwa chakula, Delmar aliinama pamoja na wengine. Watu wote wakasema amina. Wendell, aliyekuwa akimtazama, aliona midomo yake haikutikisika.