Sufuria ya Pondu Chini ya Gari

Nakumbuka mchana mmoja wa joto kali pale Clairwood, mwanangu Neema, wewe ukiwa bado tumboni mwa mama yako. Nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye gereji ya karibu na bandari, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nimetoka Kongo nikiwa fundi wa malori, nani angenifundisha kuinua gari?

Wakaleta gari kubwa jeusi, aina ile inayokaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi. Mzee Shomari, Mtanzania aliyekuwa fundi mkuu wetu, akaniambia, "Kabla hujaweka jeki, zima ile mashine yake ya kujipandisha na kujishusha. Halafu weka stendi za kulishikilia."

Nikajibu, "Sharp, mzee, nimeelewa." Wala sikuzima kitu. Niliinua mbele kwa jeki moja, nikatoa gurudumu, stendi nikaziacha ukutani. Nilijiambia ni kazi ya dakika kumi.

Sasa nikueleze habari ya pondu. Mama yako alikuwa amenipikia pondu, yale majani yetu ya muhogo, na samaki, na jamaa wa gereji hawakuwa na adabu kwa chakula cha mtu. Nikaificha sufuria chini ya gari, kwenye kivuli, palepale ambapo kifua changu kingelala. Nilikuwa nimeshapiga magoti niingie, nikakumbuka sina spana ya kumi na saba. Nikaenda kuifuata.

Mwenye gari akaja, akafungua mlango achukue chaja ya simu. Gari likaamka. Likaona limekaa upande, likaanza kujipanga lenyewe: pssss, hewa ikatoka, jeki ikateleza, gari likaanguka chini. Mimi nimesimama na spana mkononi. Nikakaa chini kwenye oili.

Mzee Shomari hakunifokea. Alingoja tuliinue vizuri, akaivuta sufuria, bapa kama chapati.

"Umekula leo?"

"Bado, mzee."

"Haya. Hii imekufa badala yako. Nenda ukamwambie mkeo ukweli wote."

Eish, afadhali angenifukuza kazi. Mama yako alipoiona sufuria alicheka mpaka akakaa. Kisha nikamweleza yote, akashika tumbo, akaelewa, akalia. Nililia naye, mwanangu, sioni aibu kukuambia.

Jumatatu unaanza kazi ya ufundi kwenye gereji ya Pinetown, na mimi natembea barabarani nikikusifu kwa watu nisiowajua. Ila nisikilize. Gari la hewa lizime kwanza, funguo uziweke mbali, na milango asiiguse mtu. Zuia magurudumu yanayobaki chini. Weka jeki pale tu gari lilipotengenezewa kuinuliwa, kisha stendi, ndipo utoe gurudumu. Gari likiwa juu ya jeki peke yake, usilale chini yake hata kwa sekunde. Watakucheka kwamba unachelewa. Waache wacheke, hata mimi walinicheka miaka yote hii, na bado niko hapa nakusumbua.

Sufuria ile iko kwenye mfuko wako wa kazi, mama yako ameiweka mwenyewe. Itundike pale utakapoiona kabla ya kulala chini ya gari. Mungu ailinde mikono yako, awape subira wanaokufundisha, na kila jioni akurudishe kwetu mzima, mchafu, na mwenye njaa.