Nywele za Miezi Mitano

Msusi yule ana vidole vyepesi na sauti ya chini, na kila akigusa kichwa cha mtu huuliza, "Naumiza?" Asubuhi hujilazimisha kunawa uso, kunywa chai na kufungua saluni, maana tangu amzike mwanawe hata kunyanyua kikombe kumekuwa kazi. Siku moja mama mmoja alimleta bintiye aliyekuwa hajagusa chanuo miezi mitano, nywele zimeshikana kama jamvi kuukuu. "Mnyoe tu," mama akasema. "Sikio la kufa halisikii dawa." Msusi akamwomba asubiri nje. Akazipaka mafuta zile nywele, akaanza kufumua fundo moja moja, kutwa nzima, bila kuuliza kisa. Alasiri binti akaanza kulia. Msusi akaendelea kufumua, wala hakumwambia "yatapita"; hayo aliambiwa hata yeye, na hayajapita.

"Kesho uje nikuoshe," akasema hatimaye.

"Kesho sijui kama nitaamka, dada."

"Hata mimi sijui," msusi akajibu, akimfuta machozi kwa kiganja chenye mafuta. "Atakayeamka kwanza amfuate mwenzake."