Nati Tano Mteremkoni

Saa tisa alasiri, Jumapili. Gari dogo la kijivu limeinuliwa kwa jeki kwenye gereji ya matairi iliyo juu ya mteremko. Fundi, mwanamume mwenye kifua cha pipa anayeitwa Kiraka, anaingiza nati ya tano kwa vidole. Anashusha jeki. Kilichobaki ni kuchukua spana na kukaza.

Hakazi. Anageukia televisheni.

Ukutani, magari ya mbio za Formula yanakimbizana. Chini yake wanaume sita wamekalia matairi yaliyokwisha, na wanabishana kama warithi wa shamba moja.

"Huyu kijana wa gari la kijani hana mbele wala nyuma," anasema dereva wa lori, mtu mzima ambaye wote humwita Mjomba. "Kila kona anatoka nje. Msimu ujao atakuwa anatazama nyumbani, kama wewe."

"Kosa si lake, ni la bawa la mbele," Kiraka anamjibu. "Lakini utajuaje, Mjomba? Lori lako lina umbo la kabati!"

Wanacheka. Mjomba hacheki. "Dereva ni mikono. Mengine ni mapambo."

Hapo Kiraka anapandwa na mori. Anachana kifuniko cha boksi, anakishika mbele ya mpira wa upepo wa kompresa. "Tazama! Bawa likiinama hivi, upepo unaikandamiza pua, tairi za mbele zinashika njia. Likilala hivi, pua inaelea. Hata wewe ungetoka nje!"

Nyuma yake mwenye gari, muuguzi aliyevaa sare, anauliza, "Fundi, tayari?"

"Tayari, dada, tayari," anasema bila kugeuka.

Muuguzi anamsaidia mama yake mzee kuketi kiti cha nyuma, kisha anaondoka.

Kiraka ana miaka kumi na tisa katika kazi hii. Aliacha shule darasa la tano. "Shule ilinishinda. Tairi halikunishinda," husema. Siku nzuri anaziba pancha kumi na tano; siku mbaya, mbili, na nyumbani chai inanywewa bila sukari. Televisheni aliinunua ili Jumapili watu wasogee. Walisogea, na ubishi nao ukasogea.

Ana desturi moja. Akishakaza nati ya mwisho, huigonga kwa spana rimu kuukuu iliyoning'inia mlangoni, mara mbili. Mtaa mzima unaijua sauti ile.

Anayeijua zaidi ni fundi cherehani wa chumba cha pili, mdogo wa mkewe. Sasa anatokea mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

"Shemeji, lile gari la kijivu liko wapi? Sijasikia rimu."

Boksi linamdondoka Kiraka. Anatazama sakafuni. Spana iko palepale alipoiweka.

"Mungu wangu. Sijakaza."

Hakuna mwenye namba ya simu ya yule muuguzi. Kinachojulikana ni kwamba ameteremka, na chini kabisa kuna daraja. Mjomba ameshasimama, funguo mkononi. "Panda! Unangoja nini?"

Kiraka anaokota spana na kupanda. Lori tupu linashuka likirukaruka. Kwenye kona ya pili wanaliona gari la kijivu. Gurudumu la mbele la kushoto linayumba kama jino bovu. Mjomba anapiga honi, haiachi. Kiraka anatoa nusu ya mwili dirishani, spana juu, anapaza sauti: "Simama! Dada, simama!"

Gari la kijivu linaongeza mwendo.

"Ficha hicho chuma, we mjinga!" Mjomba anafoka. "Anaona majambazi!"

Kiraka anaitupa spana chini ya kiti. Mjomba anafanya jambo ambalo Kiraka anasema asingelifikiria: anaacha honi, anapunguza mwendo, analiacha gari lile liende. "Akiacha kutukimbia atapunguza. Tulia."

"Daraja lile pale, Mjomba!"

"Nimeliona. Tulia."

Gari la kijivu linapunguza. Kiraka anatoa mikono yote miwili, mitupu, anachora duara hewani, anaonyesha chini. Anachora tena. Taa nyekundu za breki zinawaka. Linasimama pembeni, daraja likiwa mbele kama urefu wa malori matatu.

Nati moja haipo. Mbili zinazunguka kwa kidole. Kiraka anapiga magoti na kukaza, jasho likimdondokea kwenye rimu. Nafasi ya iliyopotea anajaribu kuijaza kwa nati ya lori. Haiingii. Anamwambia muuguzi aende polepole, arudi kesho awekewe mpya.

Muuguzi hapigi kelele. Anamwonyesha kiti cha nyuma. "Yule ni mama yangu. Nilikuuliza, ukaniambia tayari."

"Nilikosa, dada."

"Ulikuwa unacheza na boksi."

Anapanda gari na kuondoka polepole.

Kwenye lori, wabishi wawili wanapanda mteremko. Mjomba ndiye anayeanza. "Sitawaambia nilivyokuita." Kiraka anajibu, "Waambie. Ndivyo nilivyo leo."

Gerejini mtu ameshazima televisheni. Hakuna anayeuliza kijana wa gari la kijani alimaliza wa ngapi.

Kiraka ana mpango: televisheni itahamia chumba cha shemeji yake, ukuta uwe katikati ya ubishi na jeki. Shemeji amekubali kwa sharti kwamba Mjomba asikalie vitambaa vyake. Ubishi wenyewe, Kiraka anasema, hatauacha.

Nati mpya ameshaitoa kwenye kopo, ameifuta mafuta, ameiweka mfukoni. Anatazama barabara ya mteremko.

"Natumaini kesho atakuja," anasema. "Hata akija kunitukana, nitajua amefika salama."