Mtoto Aliyerudisha Salamu

Dada yangu Tulinagwe anafinyanga vyungu hapa ufukweni, na kwa majivuno hajambo. Kila mteja aliyefuata chungu ilibidi kwanza amsalimie binti yake, Tuntufye, wa miaka mitatu. "Ugonile!" mteja anasema. "Ugonile!" mtoto anaitikia. Basi vicheko! Jamani, katoto kana adabu haka!

Salamu hiyo ya Kinyakyusa unaweza kuiitikia kwa neno lilelile. Ndicho kilichotuponza.

Maana mimi niliona. Ukimwita jina hageuki, uite mpaka koo likauke. Hakuonyeshi kitu kwa kidole. Kutwa anazungusha kigae kimoja. Hata "mama" na "maji", maneno aliyokuwa nayo, yalianza kupotea. Na nyumba yetu iko hatua ishirini tu kutoka ziwani! Nikamwambia dada. Akaniwakia: "Wewe Nancy hujazaa, utajua nini?"

Liliniuma hilo, sikufichi. Nikasusa. Nikajiapiza sitafungua mdomo tena, na kwa ubishi wangu sikuufungua.

Wiki iliyopita akaja Mwasiti, mwenye duka mjini Kyela, kuagiza vyungu. Yeye asili yake pwani, Kinyakyusa hakijui. Akainama: "Hujambo, mwanangu?"

"Hujambo, mwanangu?" akasema Tuntufye, kwa lafudhi ileile ya Mwasiti.

"Unaitwa nani?"

"Unaitwa nani?"

Mwasiti alicheka, kisha akaacha. "Mama Tuntufye, mtoto huyu hajibu. Anarudisha tu." Dada akabaki ameshika udongo. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake tulikwenda kliniki sote watatu. Muuguzi alimpima masikio, yakawa mazima. Akamwita, akampa mdoli, akaandika, akaandika tena. Akasema tumpeleke Mbeya kwa wataalamu wa ukuaji wa watoto, msaada upo, ila kadiri anavyowahiwa ndivyo unavyomfaa zaidi. Kisha akauliza: "Nani aliona wa kwanza?"

Dada akanitazama. Nikasema ni mimi.

"Lini?"

"Mwaka jana, tukivuna mpunga."

Kalamu ya muuguzi ikasimama. "Mwaka mzima, dada? Na mnaishi nyumba moja?"

Nilingoja Tulinagwe anitukane, kutukana anajua. Hakunitukana. Alimvuta mtoto magotini pake, akasogea mpaka mwisho wa benchi, mbali nami.