Yangeyange wa Ukutani

Ndege wote walitoweka ukutani asubuhi moja, na mji mzima ukasema ni mimi.

Siyo ndege wa kuruka. Nazungumzia wale yangeyange waliochorwa kwenye ukuta wa ghala, mtaa wa chini. Kulikucha, ukuta mweupe pe. Hakuna bawa, hakuna mdomo.

Na jana yake nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta huohuo nikifoka hadi sauti ikakauka.

Ngoja niwaambie kwa nini.

Kazi yangu ni kuzungusha wageni wa kutwa. Asubuhi nawapeleka bwawani kuona viboko. Mchana tunarudi mjini kutazama michoro ya ukutani. Safari nilikuwa naimalizia kwenye mkuyu mkubwa mbele ya ghala, maana humo ndimo walimoishi yangeyange wa kweli, wamejaa matawini na makinda yao, kelele mtindo mmoja.

Mtu anamwona ndege akitua, halafu anamwona mwenzake wa rangi nyuma ya matawi. Hata watu wazima walikuwa wanaduwaa.

Sasa siku hiyo nafika, gari limejaa, mkuyu haupo.

Umelala chini, umekatwa vipande. Makinda wametapakaa vumbini, hata manyoya hawajaota. Mgeni wangu mmoja akaanza kulia. Na mimi nililia, ila kwa hasira.

Binamu yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa mtaa, alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, anatabasamu.

"Umeona? Sasa mchoro unaonekana wote. Watu walikuwa wanalalamika mti unaziba picha."

"Picha ya nini?"

"Ya ndege."

"Umeua ndege ili watu waone picha ya ndege?"

Akacheka. Jamani, mtu yule alicheka.

"Usinipandishie sauti. Nimefanya kwa ajili ya mama. Unajua wale ndege walivyomtesa."

Hapo alinibana kidogo. Mama yake ni shangazi yangu, na nyumba yake inatazamana na ghala. Kila asubuhi alikuwa anatoka na fagio lake refu la kuondolea buibui, anawasema yangeyange mmoja mmoja. "Wachafu nyie, hamna kwenu? Na wewe mwenye shingo, nguo nimefua jana tu." Mtaa mzima ulimzoea.

Lakini hasira zilishanipanda. Nikamwambia binamu mbele ya watu, bora na huo ukuta wake ufutike.

Mdomo wangu ukaniponza.

Ndiyo ikawa hiyo asubuhi ya ukuta mweupe. Nikaitwa ofisini kwake, watu wamejaa hadi mlangoni. Mchoraji yuko kwenye kona, macho mekundu. Binamu hakunipa hata kiti.

"Weka kitambulisho mezani. Kuanzia leo huongozi mgeni yeyote mji huu."

"Sijagusa ukuta wako."

"Nani mwingine? Si ulitamka mwenyewe?"

Niliwatazama watu niliokua nao. Wote wakaangalia chini. Ile iliniuma kuliko maneno yake. Hii ndiyo kazi pekee ninayoijua, nami nikaanza kuvua kitambulisho shingoni.

Watu wa mlangoni wakasogea. Shangazi akaingia na fagio lake, chokaa bado inadondoka.

"Mwache mtoto wa kaka yangu," akasema. "Ni mimi."

Binamu alitoa macho. "Mama, si wewe uliyekuwa unawachukia?"

"Nilikwambia nawachukia?"

"Kila siku ulikuwa unawatukana."

"Na wewe nakutukana kila siku. Nimewahi kuagiza ukatwe?"

Kuna aliyecheka nyuma, akanyamaza haraka.

"Tangu baba yako afariki, asubuhi sina wa kugombana naye ila wale ndege. Leo alfajiri nimetoka na fagio langu, kimya. Wamebaki hao wa ukutani, wananitazama tu, hawajibu. Na wewe unatangaza umewaua kwa jina langu."

Akamgeukia mchoraji. "Mwanangu, nisamehe. Ulikuwa umewachora vizuri."

Binamu sauti ilikuwa imempungua. "Mama, nilitaka kukusaidia."

"Ungeniuliza."

Nikarudisha kitambulisho changu shingoni, nikatoka bila kuaga.

Wageni bado nawaleta. Nawaonyesha kisiki na ukuta mweupe, na nawaeleza nani alifanya nini, binamu apende asipende. Sijamsamehe na wala sijifichi.

Shangazi naye bado anatoka asubuhi na fagio lake. Anatazama juu pale mti ulipokuwa, halafu anarudi ndani.

Kwa hiyo wewe unayejifanya unajua mama yako anataka nini kwa sababu umemsikia akilalamika: mtu analalamika hata juu ya anachokipenda. Kabla hujashika msumeno, muulize.