Uponyaji Uliotangazwa Mapema

Akpene hana subira, na anayebisha hajawahi kukaa naye ua mmoja. Unga wake wa abolo, mkate wetu wa mvuke, huufunga kwenye majani na kuupanga chunguni maji yakiwa bado baridi, halafu anakaa pale kuyagombeza maji. Tulipookoka, tukiwa wasichana hapahapa mjini Ho, wenzake tulisubiri darasa la ubatizo liishe. Yeye alimwambia mchungaji wa wakati ule kwamba mto uko pale na yeye yuko hapa, kwa hiyo kinangojwa nini? Akabatizwa wiki hiyohiyo. Nampenda sana, ndiyo maana nina ruhusa ya kumsema.

Mumewe, Senyo, ni fundi seremala hodari, tatizo lake ni gongo. Si mlevi wa kupiga watu. Anarudi akiimba, analala mlangoni, na kitanda cha mteja kinabaki na miguu mitatu. Akpene amefunga na kuomba kwa ajili yake miaka mingi. Aliwahi hata kumtilia mafuta ya upako kwenye supu ya bamia. Senyo alisema tu kwamba supu leo imezidi mafuta.

Sasa, Mchungaji Dotse akahubiri habari za Ibrahimu na Mungu anayeyataja mambo yasiyokuwapo kana kwamba yapo. "Usingoje uone ndipo ushukuru!" alisema, jasho likimtiririka. "Shukuru kwanza!" Sote tukasema amina, tukaenda zetu kula ugali wetu wa akple. Mmoja tu ndiye aliyelibeba lile neno mpaka nyumbani.

Jumapili iliyofuata, wakati wa shuhuda, Akpene akasimama na kitambaa cheupe mkononi. "Wapendwa, mume wangu ameacha pombe! Mungu amemponya, kiu imekauka kabisa!"

Kanisa letu halihitaji kuambiwa mara mbili. Ngoma zilipigwa, vitambaa vikapepea, tukamzunguka Akpene mpaka mashati ya wazee yakalowa. Nami nilicheza, ingawa jana yake tu nilimwona Senyo amelikumbatia lango letu akiliomba radhi. Nikajiambia, labda Mungu ameifanya kazi hiyo asubuhi.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Lebene muuza gongo, alipoleta kitambaa chake nimshonee. Senyo aliingia kwake mchana uleule, hana habari ya lolote.

"Lebene, nimiminie."

"Nikumiminie nini, shemeji? Si umeponywa?"

"Nani kasema?"

"Wamekuchezea kanisa zima! Ngoma tumezisikia mpaka hapa. Mimi sijaokoka, lakini sina hamu ya kugombana na Mungu wa mtu. Nenda kwako."

Akajaribu pengine, ikawa vilevile. Watu wakamshika mkono, wakampa hongera. Alipofika kwenye karakana yake akawakuta kina mama wa maombi na viazi vikuu na kuku, wanaimba wamepiga magoti. Akarudi nyumbani koo kavu, na mimi nikiwa kwenye cherehani yangu nikasikia kila kitu.

"Umeniponya bila kuniuliza, Akpene!"

"Nimekuponya kwa imani."

"Imani ya nani? Koo langu halina habari!"

Niliuma kitambaa nisicheke. Lakini Senyo akashusha sauti, na cheko langu likaisha.

"Mtaa mzima wananipongeza kwa kitu ambacho sijafanya. Kesho wakiniona na glasi, mwongo ni mimi, siyo wewe. Jumapili simama useme ukweli. Usiposema, naenda Aflao kwa kaka yangu, na sirudi."

Senyo si mtu wa vitisho. Kesho yake nilimwona anaipaka randa yake mafuta na kuifunga kwenye gunia, kisha msumeno, kisha patasi zote.

Akpene akaniomba nimsindikize kwa mchungaji. Mchungaji Dotse alitusikiliza, akatikisa kichwa. "Ushuhuda haurudishwi, dada. Ukiukana, unampa adui nafasi. Ushikilie."

"Na mume wangu nimshikilie na nini, Mchungaji?"

Mchungaji Dotse ni kijana bado, mkewe hanywi. Akasema tuombe.

Njiani Akpene alilia waziwazi, watu wakipita.

"Nikisema ukweli, uongozi wangu wa kina mama wa maombi umekwenda. Wataniita mwongo mpaka nazikwa, Enyonam."

"Na usiposema?"

"Nitabaki na ushuhuda wangu ndani ya nyumba tupu."

Nilimkasirikia mchungaji, nikamkasirikia Senyo, na kusema kweli hata Ibrahimu nilimkasirikia kidogo. Yeye mwenyewe aliahidiwa. Akpene nani alimwahidi?

Jumapili ikafika. Wakati wa shuhuda alisimama, akaenda mbele, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wapendwa, wiki iliyopita niliwaambia mume wangu amepona. Hajapona. Nilitamani sana, nikadhani kutamani kwangu ndiyo imani. Yule baba wa kwenye Injili aliyemwambia Yesu kwamba anaamini, ila asaidiwe pale asipoamini, basi mimi ni dada yake. Mnisamehe. Na Senyo anisamehe."

Tukasikia mapangaboi yakizunguka. Nyuma yangu mtu akasonya. "Na sisi tulivyocheza mpaka kiatu changu kikakatika!"

Ndipo nikamwona Senyo mlangoni. Alikuja kuhakikisha kwamba mkewe atasema. Alikuwa na nguo zake za kazi, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Nikajua sasa amesikia alichotaka, atageuka aende kituo cha mabasi. Badala yake akaja mbele, akakichukua kipaza sauti, akakishika juu chini mpaka mzee mmoja akamgeuzia.

"Mke wangu amesema kweli," alisema. "Sijaacha. Jana nimekunywa kwa mtu wa mbali, maana Lebene ameninyima. Lakini nilikunywa nusu, nusu nikaiacha mezani. Tangu niijue glasi sijawahi kuacha kitu ndani yake. Nilikuwa namfikiria huyu, atakavyosimama hapa peke yake mbele yenu."

Hakuna aliyejua la kufanya. Shuhuda zetu huja zimekamilika: viza imetoka, mtoto amezaliwa, uvimbe haupo. Kwa nusu hatuna ngoma. Kiongozi wa kwaya alimtazama mchungaji, mchungaji akatazama viatu vyake.

Bibi Ablavi, ambaye ndani ya kanisa lile amezika waume wawili, akainuka kwa fimbo yake. "Mnangoja nini?" akawafokea. "Kwa hiyo nusu iliyobaki mezani, haleluya!"

Mpiga ngoma ni mjukuu wake, angefanyaje? Akapiga. Wakainuka wawili, wakainuka watano, mwisho hata yule wa kiatu alikuwa peku anacheza.

Akpene hakucheza. Alisimama mikono kichwani akilia kwa sauti, na Senyo kando yake kama mwanamume aliyekabidhiwa kichanga cha watu, hajui amshike wapi. Mwishowe akamshika bega. Nililia na mimi, sioni haya kusema.

Ngoma zilipotulia mchungaji aliteremka madhabahuni, akaongea bila ile sauti yake ya mahubiri.

"Kaka Senyo, Jumapili ijayo utatuambia nini?"

"Nitakachokuwa nimefanya, Mchungaji. Kikiwa kibaya, mpunguze ngoma. Lakini msiache kupiga."