Kitabu cha Jalada la Simenti

Yaya yangu, kaka niliyemfuata kuzaliwa, alifunika kila kitabu chake kwa karatasi ya mfuko wa simenti. Pale Musonoi vumbi la mashimo ya shaba linaingia hata ndani ya sanduku. Siku moja alirudi kutoka soko la Manika na kitabu cha Kifaransa cha mwandishi Mrusi. Alikifunika, akakigundisha vizuri, kisha juu ya karatasi akaandika jina la mwandishi kwa herufi kubwa.

Jioni alikuwa anakisoma na kumgeuzia mama kwa Kiswahili, mama akisonga bukari. Kilieleza wafungwa wanaokata miti katika baridi kali. Mwandishi mwenyewe alifungwa huko. Hakuwa na karatasi, basi alitunga maneno na kuyaweka kichwani miaka mingi.

“Na koti, banamupatia?” mama aliuliza.

“Hapana, mama.”

“Mama yake alilia sana.”

Kisha vita vikapita mjini. Watu walisema Warusi ndio waliowapa waasi bunduki, na kila kitu cha Warusi kikawa cha adui. Askari wa serikali walipopekua nyumba yetu, mmoja alisoma lile jina kwenye jalada, akamgeukia yaya.

“Citoyen, we uko Murusi sasa?”

“Chef, huyu muntu, Barusi njo balimufunga!”

“Utaeleza kule mbele.”

Walimpeleka kambini kwao. Kitabu kilibaki chini mlangoni.

Asubuhi nilibandua ile karatasi ya simenti. Nyuma ya kitabu palikuwa na picha ya mwandishi na habari za maisha yake. Mimi niliishia shule ya msingi, kwa hiyo nilisoma polepole, kidole juu ya kila neno. Serikali yake ilimfunga, ikakataza vitabu vyake, ikamfukuza nchini.

Mama aliposikia, alifunga kitambaa kichwani. “Twende. Hiyo itamutoa.”

Tulifika kambini. Nilishika kitabu, mama akasema na mkubwa wa askari, akimwita baba kwa heshima.

“Tata, angalia. Barusi benyewe balimufukuza. Mutoto wangu anasoma adui ya Barusi.”

Mkubwa huyo alisoma yale ya nyuma mpaka mwisho, bila haraka.

“Kumbe huyu alitukana serikali ya kwao.”

“Alisema kweli tu, tata.”

“Njo vile. Na mutoto wako anapenda bantu ba vile?”

Alinirudishia kitabu kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu. Yaya hakurudi.

Mama hajui kusoma. Siku nyingine, tukimaliza kula, ananawa mikono, anakileta kitabu na kukiweka mbele yangu, kimegeuzwa tayari.

“Soma pale nyuma.”

Ninasoma. Alifungwa, alifukuzwa, anaishi nchi ya mbali, hana ruhusa ya kurudi kwao.

“Anaishi?”

“Anaishi, mama.”

“Rudilia hapo.”